Shangazi Alivyonunua Jenereta kwa Sikio

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kila kitu hukinunua kwa sikio. Feni ataiwasha dukani, afumbe macho, asikilize. Mlango ataufungua na kuufunga mpaka mwenye duka akunje uso. Mchumba wake wa kwanza yeye ndiye aliyemkataa, kwa sababu jamaa alikuwa akitafuna kwa kelele, na hilo hulisema mbele za watu bila haya. Ukimpelekea cherehani mbovu, haifungui kwanza. Huzungusha gurudumu, akatega sikio, akasema sindano imepinda, na kweli unaikuta imepinda.

Kwa hiyo siku tuliyokwenda kuchagua jenereta la nyumbani, nilijua ataniaibisha. Sikujua ataniaibisha kiasi kile.

Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mume wake, ambaye mtaa mzima humwita Dereva kwa kuwa aliendesha malori mpaka mapafu yalipomgomea, siku hizi anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mashine inakaa kando ya kitanda, kubwa kama kabati la viatu, na mrija wake unaingia puani. Umeme ukikatika, upo mtungi mdogo wa akiba, lakini hauchelewi kuisha. Na umeme wa mtaa ule hukatika unapojisikia.

Muuzaji, mama mmoja mwenye spana mfukoni, alitusikiliza, kisha akatupeleka moja kwa moja kwenye jenereta kubwa lenye magurudumu. Akavuta kamba. Vioo vya dirisha vikatetemeka.

“Zima! Zima hilo zimwi!” Shangazi aliziba masikio.

“Mama, kwa mashine ya mgonjwa hili ndilo lenyewe. Zile mashine zikianza kuwaka zinavuta nguvu nyingi kwa mkupuo.”

Shangazi alikuwa ameshaondoka. Nilibaki mdomo wazi nikimwona anapiga magoti sakafuni, gauni safi juu ya madoa ya oili, akiinamisha sikio kwenye kijenereta kidogo alichowashiwa na fundi wa duka. Wateja waligeuka kutazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

“Hiki,” akasema. “Hiki kinanong'ona.”

“Hicho kitachoka, mama.”

“Hata mimi nachoka, na kazi nafanya.”

Nikamvuta mkono. “Shangazi, hatununui redio! Tunanunua pumzi za mtu!”

“Ndiyo maana nasikiliza,” akanijibu, wala hakunitazama.

Ukimjua Shangazi, utajua kwamba hapo mjadala umefungwa. Tukarudi na kile kidogo, tukakiweka nje, mbali na madirisha. Tukakijaribu kwa taa na feni tu, maana hakutaka mgonjwa achomolewe mashine kwa ajili ya majaribio. Dereva alipokisikia alicheka mpaka akakohoa. “Mmeniletea mashine ya kunyolea?”

Umeme ulikatika mchana mmoja nikiwa pale pale. Nikatoka mbio, nikavuta kamba, kikawaka vizuri. Shangazi akachomeka mashine ya oksijeni. Mashine ikaanza kuamka, kijenereta kikakohoa, kikazima. Nikawasha tena. Kikazima tena. Chumbani king'ora cha mashine kilikuwa kinalia mfululizo, na nilipochungulia niliona midomo ya Dereva imebadilika rangi. Shangazi, ambaye hutunga uzi kwenye sindano huku akipiga soga, alikuwa anahangaika na koki ya mtungi, vidole vinateleza, hawezi. Nikaingia mbio, nikamnyang'anya, nikaifungua mwenyewe.

Kisha nikampigia yule mama wa duka. Sikumbuki nilimwambia nini, nadhani nilipiga kelele tu. Alilileta lile kubwa kwa pikapu, akavuta kamba kwa mkono wake, mtungi ukiwa unaelekea mwisho. Wala hakutwambia kwamba alituonya.

Nyumba nzima ikanguruma. Vikombe vikagongana kabatini. Rangi ikamrudia Dereva, akatabasamu. “Sasa hiyo ndiyo injini,” akasema, akalala usingizi mzito, usingizi wa mtu aliyezoea kulala kwenye lori.

Hapo hasira zikanipanda. Nilimgeukia Shangazi. “Umeona? Mtu nusura afe kwa sababu wewe hupendi kelele!”

Alisema kitu, sikumsikia. Nikamsogelea.

“Nani kakwambia sipendi kelele?” alisema sikioni mwangu. “Mimi usiku silali, mwanangu. Namsikiliza anavyopumua. Hata nikisinzia, sikio linabaki kwake. Sasa likiwaka hili zimwi nitamsikiaje?”

Nilipigwa na butwaa. Maneno yangu ya dukani yalinirudia moja moja. Nikakaa chini.

Shangazi akaenda kuchukua kigoda chake cha kwenye cherehani, akakiweka kando ya kitanda. Akasogeza shuka, akaweka kiganja kifuani kwa mume wake, akatulia.

Umeme uliporudi nilichomeka mashine ukutani, nikatoka kuzima jenereta. Nyumba ikanyamaza ghafla, ukimya ule aliokuwa anautafuta dukani. Niliporudi chumbani nilimkuta kigodani, amelala fofofo, mdomo wazi. Mkono wake ulikuwa bado pale kifuani, unapanda na kushuka.