Boksi la Dharura Kwenye Mkia wa Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini, uwanja wa ndege wa Mwanza, nilipewa ndoo, brashi na ndege iliyojaa matope. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Makampuni binafsi yalikuwa yameanza kuleta ndege ndogo za kubeba watafiti wa dhahabu, wanunuzi wa samaki na vipuri vya mitambo, na kila ndege iliyotua ilihitaji mtu wa kuiosha. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, na kifungua mimba ni mimi. Nyuma yangu walikuwepo wadogo watatu, tukiishi chumba kimoja juu ya mawe ya Ilemela. Sikuomba ufundi. Niliomba kazi yoyote.

Aliyenipokea ni Fundi Mkuu, mzee wa Kikerewe mwenye kofia ya kufuma asiyoivua hata juani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaogopa kupanda juu?"

"Hapana. Nyumbani kwetu mlango uko juu ya jiwe."

"Basi panda. Anza na mkia."

Ni ndani ya mkia huo nilimoona kwa mara ya kwanza kile ambacho karakana nzima tulikiita boksi la dharura: kidude cha rangi ya machungwa, ukubwa wa tofali, chenye betri yake na antena yake. Ndege ikianguka, boksi hutoa mlio kwenye masafa ya redio yaliyotengwa kwa ajili ya hatari, mlio unaoshuka na kupanda kama mtoto anayelia akipumzika. Masikio matupu hayausikii. Unasikika kwenye redio tu.

Baada ya misimu kadhaa ya ndoo, Fundi Mkuu alinihamishia kwenye meza ya redio. Alinifundisha kushika pasi ya kulehemu, kupima betri, na kujaribu boksi katika dakika za mwanzo wa saa tu, milio michache kisha unazima, maana nje ya muda huo aliyesikia angedhani watu wanakufa. Alinifundisha pia swichi ya boksi. Ilikuwa na sehemu tatu: zima, washa, na katikati tayari. Ikiwa kwenye tayari, boksi hulala, na likipata kishindo kikubwa huamka lenyewe.

Tabu ilikuwa kwamba viwanja vya machimboni vilikuwa vya changarawe na mashimo. Ndege ikitua vibaya kidogo, boksi linaamka. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa ukitupigia simu: "Ndege yenu imeanguka?" Fundi Mkuu anajibu, "Haijaanguka, iko hapa mbele yangu inakunywa mafuta." Marubani waliona aibu, na wengine walikuwa wakifungua kidirisha cha mkia na kulizima kabisa. Kwa hiyo Fundi Mkuu alinipa jukumu: kila asubuhi, kabla ndege haijatoka, nichungulie kila mkia nihakikishe swichi iko tayari.

Rubani Deo, kijana wa Bukoba, mcheshi, ndiye aliyenipa jina la Mama Tayari wakati sina hata mtoto.

"Mama Tayari, hilo boksi lako lina kiherehere. Nikikohoa tu, linapiga kelele."

"Bora kiherehere kuliko usingizi."

"Siku ukiolewa, mumeo utamwekea swichi!"

Karakana nzima ilicheka, na mimi nilicheka, lakini mkia wa ndege yake niliuchungulia.

Alasiri moja ya masika Deo aliruka kutoka upande wa Geita, peke yake, na hakufika. Mvua ilikuwa imeziba ziwa. Meneja, mtu wa maneno machache, alikuja mpaka mezani kwangu.

"Boksi liko tayari?"

"Lilitoka hapa likiwa tayari."

"Sijakuuliza lilivyotoka."

Kule machimboni Deo alikuwa ametua salama mara mbili siku hiyo, na mimi sikuwepo kuona mkono wake ulipita wapi. Kama alilizima boksi, tungetafuta ziwa zima na majaruba yote ya mpunga kwa macho, na aliyeumia asingetusubiri. Tulifungua redio. Ilikuwa kimya, maana milima ya mawe huuziba mlio. Mvua ilipopungua ndege ya kampuni jirani ilipanda juu, na muda si mrefu rubani wake akasema anausikia mlio, kusini, upande wa Misungwi.

Fundi Mkuu alikaa juu ya tairi akajifuta uso. "Hakulizima," alisema.

Tuliondoka na gari, yeye, dereva na mimi. Nilibeba redio ya mkononi. Namna ya kutafuta ni hii: unaikumbatia redio kifuani na kuzunguka polepole pale uliposimama. Mlio unapofifia, mwili wako umeuziba, kwa hiyo unachokitafuta kiko mgongoni. Unageuka, unakwenda. Karibu na mawe makubwa hupaswi kuuamini, kwa sababu mawe huurudisha mlio kama yanavyorudisha sauti ya mchungaji.

Mara ya kwanza mgongo wangu ulielekea ziwani. Tulipokaribia nikapima tena, ukaelekea vilimani. Nikapima tena. Vilimani.

"Ndege haitembei," dereva alisema.

Fundi Mkuu alikunja uso. "Wameling'oa. Wameiba." Kisha akafikiri. "Lakini aliyelibeba ameiona ndege. Tumfuate yeye."

Gari lilikwama matopeni. Nikavua viatu, nikatangulia juu ya kingo za majaruba, nikizunguka na kugeuka, mpaka mlio ulipotufikisha kwenye mji wa mtemi wa sungusungu, kiongozi wa ulinzi wa kijiji. Uani ulitandikwa mkeka. Juu yake vilipangwa viatu vya Deo, saa yake, begi, ramani zilizolowa, na boksi la machungwa, antena imesimama. Vijana wawili wenye pinde walivilinda.

"Mwadila, baba," nilimsalimu mtemi kwa Kisukuma.

Alituitikia, akatazama miguu yangu. "Mmechelewa. Mwano umepigwa tangu mvua." Mwano ni yowe la Wasukuma la kuitana kwenye shari, anayelisikia hulipokea na kukimbia. "Mtu tumempeleka zahanati, juu ya kitanda. Mali yake iko hapa mbele ya mashahidi, haijapungua. Asije akasema kijiji hiki kimemwibia mgonjwa."

"Yuko hai?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Alikuwa anatutukana tukimbeba. Maiti hatukani."

Fundi Mkuu alivua kofia. Sijawahi kumwona akiivua tena. Mimi nilipiga magoti mkekani, nikaweka swichi kwenye zima.

"Unafanya nini?" mtemi aliuliza.

"Nalinyamazisha, baba. Lilikuwa linapiga mwano."

Alitega sikio, akacheka. "Mwano gani huo, jirani hasikii na wa Mwanza anasikia?"

Deo alirudi karakanani baadaye kwa magongo mawili. Hakunitania. Alivuta kiti karibu na meza yangu.

"Nilipokuwa nimebanwa mle ndani, kabla watu hawajafika, nilijua swichi iko tayari. Niliiacha kwa kuogopa mdomo wako. Mlinisikia?"

"Tulikusikia."

"Sasa mbona hamkunijibu?"

Alikuwa rubani. Alijua kuliko mimi kwamba boksi lile lina mdomo tu, halina masikio. Hata hivyo nilimweleza taratibu, kana kwamba hajui, naye alisikiliza mpaka mwisho.

Sasa nimestaafu. Maboksi ya leo huongea na satelaiti na kutaja ndege ni ya nani, na vijana wa meza ya redio hawabebi redio kifuani wala kuvua viatu. Ni vizuri. Ila wakiniuliza kazi hii inataka nini, huwasimulia jambo la nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa mwisho alipokuwa na homa alikuwa akiniita, na mimi nilikuwa na desturi ya kuitikia "nakuja" hata kabla sijainuka, ili asidhani yuko peke yake. Anayeita kwa boksi lile hakuna wa kumwambia nakuja. Ndiyo maana, tangu Deo aniulize swali lile hadi siku niliporudisha funguo za karakana, kila simu ya dharura ilipolia, sikulifuata gari kwa kutembea. Nilikimbia.