Mimi, Mkamwana Wangu na Shimo la Mwisenge

Nimeona aibu nyingi, ila ile ya Mwisenge nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu nafunika uso, na naisimulia mwenyewe kwa sababu wapo wanaoisimulia vibaya.

Mkamwana wangu Rhobi, mke wa mwanangu Wambura, anafanya kazi Musoma, mtaa wa Mwisenge, kwenye jengo la vijana wa kompyuta. Nilikuwa nimeshasema nyumbani Butiama kwamba kushinda unatazama kioo siyo kazi, aache, arudi tusaidiane na mifugo, na Wambura akaniomba kwanza nikaone kwa macho yangu ndiyo niamue. Nikaenda asubuhi ili nirudi jioni (silalagi mjini mimi, ng'ombe hawajui likizo).

Walinitembeza vyumba vyote. Nikaona mashine inajenga kikombe cha plastiki kidogo kidogo kama nyigu, nikaona droni ya kupima mashamba, nikasema haya yote ni michezo ya watoto, Wambura ananivuta shati ninyamaze. Rhobi alisimama upande wa pili wa chumba, maana kwetu baba mkwe na mkamwana hawashikani hata mkono, na maneno yake alikuwa anampa mume wake ndiyo ananiletea mimi.

Mwisho ikaletwa miwani kubwa, ya kufunika uso mzima. Wambura akasema kilichomo humo ametengeneza mkewe, ni cha kuwafundisha wachimbaji usalama wa shimoni, na anaomba nikae kwenye kiti kabla sijavaa. Kukaa! Mimi mwenye makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu kule Buhemba, niliyeanza kwa kubeba viroba mgongoni, na darasa la tatu ndiyo mwisho wangu, nifundishwe shimo?

"Mwambie mkeo mashimo nimeyajua kabla hajazaliwa," nikasema, nikavaa nimesimama, na Wambura akageuka kurudisha kiti.

Sasa ndugu zangu, lilikuwa shimo kweli. Magogo ya kuzuia udongo, kamba, giza, nikachungulia chini nikasikia mawe yanagongana, na nilipoinua kichwa gogo la juu likapasuka na ukuta wote ukaanza kuja. Nikasahau kama niko Musoma. Nikarudi nyuma napiga kelele vijana watoke, nikaangusha meza na ile mashine ya kikombe, nikashika kitu cha kwanza nilichokipata, nikakikumbatia kwa nguvu zote nakivuta nje ya shimo, na kitu hicho kikasema kwa sauti ndogo, "Baba, ni mimi."

Alikuwa amekuja kunidaka nisivunjike shingo. Nikavua miwani. Vijana wanatazama sakafu, Wambura kakumbatia kiti, na mikono yangu bado iko mabegani mwa mke wa mwanangu.

Wazee nyumbani waliniagiza nitoe mbuzi, tukasafishwa wote wawili, kwa upande wa mila yakaisha. Lakini siku ileile ya miwani, jioni, kabla sijapanda gari, Wambura aliniuliza kwa adabu kabisa, "Sasa baba, umeamuaje?"

Ningesema ni mchezo wa watoto, zile kelele ningezielezaje? Nikasema Rhobi aendelee na kazi yake. Na mimi tangu siku hiyo, mwenye kazi akinionyesha kiti nakaa, na mdomo nafunga.