Jagi Lililobaki Mezani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo nilikunywa kikombe kizima cha mate. Si yangu. Ya wamama wa chama. Nimelisema mapema ili usilisikie kwa Anti Rose, maana yeye huwa anaongeza vikombe.

Nakuita mwanangu ingawa wewe uko Fomu Wani na mimi niko Fomu Thrii. Usicheke. Kuna mambo yanamzeesha mtu kwa siku moja, na hili lilianza na tumbo.

Mama yangu ni nesi hapa Kitengela. Chama chao cha akiba kiliamua kupumzika wikendi moja, kizunguke mashamba madogo yanayotengeneza mvinyo na kuonja: Jumamosi wa zabibu huku kwetu, Jumapili wa asali kule mbele ya mji wa Kajiado. Mimi nilibebwa kwa sababu singeweza kuachwa kwa nyumba. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimetangaza uongo kwa ploti nzima kwamba maji yatakatwa mwezi mzima, na kufikia jioni ngazi zilikuwa hazipitiki kwa ndoo na sufuria za majirani. Mama alishusha sanduku la bodingi kutoka juu ya kabati, akaliweka sebuleni.

"Hizi siku mbili ukikaa bila kuniaibisha, unabaki shule ya hapa," akasema. "Ukishindwa, muhula ujao uko Bungoma, kwa shule ya mjomba wako."

Mjomba wangu ni mwalimu wa nidhamu. Sasa umeelewa.

Jumamosi nilikaa kama picha ya ukutani. Mwenye shamba la zabibu alimimina kidogo kidogo, wamama wakameza kila kitu, na mchana haujaisha Anti Rose, mdogo wake mama, alikuwa anaimbia mizabibu nyimbo za kwaya. Mimi nilipewa juisi. Ilikuwa tamu, sikatai. Hata mama alivua viatu akanyoosha miguu kwa nyasi, kitu ambacho sikuwa nimewahi kumwona akifanya nje ya nyumba yetu. Nilifurahi kumwona hivyo. Usimwambie mtu.

Jumapili tukafika kwa Mzee Lemayian, mwenye mizinga ya nyuki. Huko mtoto anainamisha kichwa, mzee anakigusa, hiyo ndiyo salamu. Nikainama, akanigusa. Mimi, na ndevu zangu tayari zinahesabika. Wamama wakaitwa ndani, mimi nikaambiwa, "Kijana, nenda uone mbuzi." Nikaenda. Niliwaona mbuzi, mbuzi nao wakaniona, tukakosa la kuongea. Hapo ndipo kichwa kilianza kuwasha pale kilipoguswa. Nikajiambia leo lazima nionje kitu cha watu wakubwa.

Niliporudi, wamama walikuwa nje wanapigwa picha na mizinga. Mezani glasi zote zilikuwa tupu, lakini katikati kulikuwa na jagi karibu lijae. Nikasema hawa wamebakisha, na jana hawakubakisha hata tone, kwa hivyo mvinyo huu lazima uwe mwingi kupita kiasi. Nikamimina kikombe, nikanywa chote. Ulikuwa vuguvugu. Nikadhani wa asali ndivyo unavyonywewa.

Mzee akaingia, akachukua jagi, akaenda kulimwaga kwa kichaka.

"Mzee, mbona unamwaga mvinyo mzuri?"

"Huu?" akasema. "Mama yako amewaambia wasimeze, kesho ni kazi. Wameonja, wametema. Haya ni mate ya mama zako."

Mwanangu, hakuna aliyeniona. Ningenyamaza, sanduku lingerudi juu ya kabati na maisha yangeendelea. Lakini huko nje Anti Rose akapiga chafya. Alikuwa na homa tangu Jumatano. Nikaiona Bungoma, nikaliona na kaburi, nikachagua Bungoma. Nikatoka nje nikamwendea mama.

"Mama, niko na swali la kinesi."

"Uliza."

"Mtu anaweza kufa na mate ya watu wengine?"

Akageuka polepole. "Mate kiasi gani?"

"Kikombe."

Mama alikaa chini juu ya mzinga mtupu. Anti Rose akanishika bega. "Pole, baba. Na vile nilikuwa natema na kukohoa." Mzee Lemayian alicheka hadi akavua kofia. "Kwetu mzee akikubariki anakutemea mate kidogo tu," akawaambia. "Huyu amebarikiwa na chama kizima. Mimi nitaongeza nini?"

Halafu akaongeza. Akatema kidogo kwa viganja, akanipaka kichwani, na safari hii sikuona vibaya kuguswa.

Basi sikia. Ukikuta kitu kimeachwa mezani, uliza kilifikaje hapo kabla hujakiweka mdomoni. Ukiambiwa uende kuona mbuzi, waone mbuzi vizuri. Meza ya wakubwa itakungoja, na ukifika kwa wakati wako utapewa glasi safi. Na ukiharibu, mama yako akusikie wewe kwanza, kabla hajasikia kwa wengine, hata kama sanduku liko sebuleni. Mungu akupe tumbo gumu, akupe maanti wasio na homa, na akuzeeshe polepole kuliko alivyonizeesha mimi.

Mama aliendesha gari hadi Kitengela. Tulipoingia ndani, alilinyanyua lile sanduku, akalirudisha juu ya kabati, akafuta mikono kwa leso. Kisha akasema:

"Ulipokuwa huna meno nilikuwa nakutafunia nyama, kwa hivyo mate yangu unayajua. Ya hao wengine, enda upige mswaki."