Kibali cha Kuvuka Wembere

Bisha uone. Juzi basi letu lilisimamishwa Shelui, afisa wa uhamiaji akamkuta kijana hana kitambulisho.

"Kwetu Kigoma," kijana akasema.

"Kigoma gani? Wewe mgeni, shuka."

Abiria mmoja, mama muuza vitunguu, akaziba mlango, mikono kiunoni, akamkabili afisa.

"Na wewe Msukuma, ulivuka mto Wembere kuja kwetu Unyiramba kwa kibali cha nani?"

"Mama, niko kazini."

"Toa kibali, mtani. Huyu akishuka, tunashuka wote."

Wauza vitunguu wenzake wakaanza kubeba magunia. Wasukuma na Wanyiramba ni watani, na mtani akinuna utani ameshindwa, kwa hiyo afisa akacheka, akashuka peke yake. Kumbe kibali kinachekesha ukiombwa wewe.

Nilichoruka kusimulia ni hiki: mimi mwenye mdomo huu, mzaliwa wa Shelui, kitambulisho sikuwa nacho. Muda wote nilijifanya nimelala.