Ndege Niliyopeleka Ukweni

Nichekeni tu. Babake mchumba wangu aliniuliza wikendi huwa nafanya nini. Nikajibu kifua mbele, "Narusha ndege, mzee. Kubwa, ya vita, ile ya kuangusha mabomu." Sikutaja kwamba ni ya mfano na naiendesha kwa rimoti. Chai ilikuwa tamu, ningeiharibu kwa nini?

"Ukuje nayo Jumamosi," akasema.

Nikafika kwao Njoro na boda boda, nimekumbatia mabawa. Nikakuta ng'ombe wametolewa malishoni, nyasi zimefyekwa shamba zima, na watu wa kanisa wamejipanga kando ya ua wakitazama juu.

Nikaiunga kimyakimya. Mzee akaizunguka, akainama, akachungulia kidirisha.

"Kijana wangu," akaniuliza kwa upole, "sasa wewe hukaa wapi hapo ndani?"