Mama alipaka samli CD pekee yenye sauti ya marehemu baba

Wakuu, salaam kutoka Bariadi.

Ninachosimulia hapa sijakiongezea chumvi hata punje. Samli ndiyo ilikuwepo, tena ya kutosha.

Mzee wetu alishatangulia mbele za haki. Picha zake tunazo kwenye simu, lakini sauti yake imebaki sehemu moja tu: CD ya send-off ya dada yangu Kija, iliyofanyika nyumbani Nkololo. Copy nyingine hakuna. Aliyeshuti alishahama na hatujui alipo.

CD anaitunza mama. Deki hana, hivyo akitaka kumsikia mzee anakuja kwangu mjini.

Jumapili kaja, kaifungua kwenye khanga. Naiweka, deki inakoroma weee, inaandika NO DISC. Naitoa, vidole vinateleza. Nanusa. Samli!

Nikamuuliza mama, "Mayu, hii imemwagikiwa?"

"Haijamwagikiwa. Nimeipaka mwenyewe. Kitu ukikiacha kikavu si kinapasuka?"

Mnaocheka chekeni, lakini huyu mama kakulia kwenye ng'ombe. Ngozi inapakwa mafuta, inalainika, inadumu. Kwa akili yake alikuwa anamtunza mume wake.

Alipoelewa kwamba samli ndiyo imezuia, akaikunja ile khanga tupu. Chakula kikaja, akakisogeza pembeni.

"Basi nimemzika mara ya pili," akasema.

Wakuu, iliniuma sana.

Sasa wataalamu wa mtaani si mnawajua. Jirani kasema sugua na dawa ya meno. Mwingine kasema petroli! Mimi nikachomoa pamba kwenye gunia (huku kwetu pamba haitafutwi), mke wangu akanidaka mkono.

"Hiyo imetoka shambani, ina mchanga. Utaichora, hapo ndiyo tutalia kweli."

Nikamsikiliza.

Tukachukua maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, na tone la sabuni ya vyombo. Nikaishika CD kwenye kingo, upande unaong'aa nikaupitishia sabuni kwa ncha za vidole, taratibu. Nikasuuza. Nikarudia mpaka utelezi ukaisha.

Kukausha nikatumia fulana laini, safi. Unafuta kutoka tundu la katikati kwenda nje, mstari ulionyooka. Usizungushe! Mkwaruzo wa kuzunguka ndiyo unaoisumbua deki. Kisha tukaiacha kivulini ikauke kabisa.

Nikairudisha. Ikakoroma tena. Mama hatazami, kainamisha kichwa.

Ikaandika LOADING.

Ghafla vigelegele, muziki, Kija na gauni lake! Nilishusha pumzi nikajikuta nacheka peke yangu. Pale kwenye kukata ndafu ilikwamakwama kidogo, nani anajali.

Halafu mzee akatokea na shati lake la kitenge, anamtafuta mama kati ya akina mama waliokuwa wanapakua chakula. Sauti yake ile ile nzito:

"Mama Kija! Umekula wewe?"

Kwenye video mama anacheka, anapunga mkono. Kwenye kochi langu, mama akajibu kwa sauti kabisa:

"Bado, baba Kija."

Akavuta sahani yake, akaanza kula.

Nilitoka nje kidogo kufuta macho, sioni aibu kusema.

Somo nililopata: CD chafu usikimbilie kuitupa wala kuisugua kwa hasira, sabuni na maji vinatosha. Na kitu cha pekee usikiache kibaki kimoja. Video tumeshaihamishia kwenye flash, moja kwangu, moja kwa Kija, na moja nikampa mama akae nayo.

Mwenye njia nyingine ya kusafisha CD aiweke hapa. Wa petroli apumzike.

Ila nisaidieni hili. Wakati namsindikiza stendi nilimsihi mama asipake tena kitu chochote. Akaigeuza geuza ile flash mkononi, akanitazama kwa wasiwasi kabisa:

"Na hii je, haipasuki?"

Nyie mngemjibuje?