Kelele za Thora Pascoe Majini Coogee

Thora Pascoe, binti wa mwoka mikate wa Balmain, alikuwa mchezaji wa sinema za kimya mjini Sydney. Alipanda farasi bila tandiko na kupiga mbizi kutoka majabalini; hakuna aliyewekwa kuvunjika badala yake. Mimi nilikuwa mpiga piano wa ukumbi wa sinema wa mtaani kwetu.

Mwaka 1924 walikuwa wakipiga picha ya sinema ufukweni Coogee. Thora alitakiwa ajifanye anazama. Wimbi likambamiza mwambani, paja likavunjika. Akapiga ukelele. Lakini sauti haikunaswa siku hizo, na wachezaji walizoea kupayuka lolote.

"Hivyo hivyo, mama! Lia zaidi!" alisema mwongozaji, Claude Hensley. Mkono wa kamera ukaendelea kuzungushwa.

Baadaye Hensley aliwaambia watu wa magazeti kwamba Thora alianguka kwa ulevi, baada ya kazi. Kampuni zote za sinema zikamfungia milango.

Picha ilipoanza kuonyeshwa, jirani yake Una Brophy, kiziwi anayesoma midomo, alikwenda kuitazama, akaja kwake anacheka.

"Shoga, una mdomo mchafu wewe! Watu wanafuta machozi, kumbe unasema, 'Simamisha, Claude, mguu umevunjika, mbwa wee!'"

Thora hakucheka. "Utayasema hayo mbele ya watu?"

"Hata mbele ya askofu."

Wakamwendea Hensley ofisini. Akawasikiliza kwa adabu.

"Bibi Pascoe, umeniletea kiziwi aje kushuhudia kelele?"

Hata hivyo, walipokuwa wakitoka, Thora alimwona akifunga mlango na kushika simu.

Wiki iliyofuata Thora alimleta mwenye kampuni nyingine ukumbini kwetu, na Una kando yake akiwa tayari kusoma midomo. Nilikuwa kwenye piano. Wimbi likaja, Thora akafunua kinywa, na papo hapo picha ikakatwa. Pazia zima likajaa maandishi meupe, ambayo hayakuwapo Una alipoitazama: "Niokoe, Edmund! Nakupenda!" Picha iliporudi, alikwisha kubebwa ufukweni.

"Mbona sikuona kitu, dada?" aliuliza yule bwana, akachukua kofia yake. Nyuma yetu wanawake walikuwa wakilia kwikwi.

Thora hakucheza tena. Alipata kazi ya kuuza viatu katika duka moja la George Street, akichechemea kati ya rafu. Wateja waliomtambua walimwomba awasemee yale maneno ya majini. Alipiga goti la mguu wake mzima, akawavisha kiatu, akasema, "Niokoe, Edmund. Nakupenda."